Ndege nyota nne, kushuka nyota moja: rivyu ya safari ya usiku kutoka Ghuba mpaka Dar

Jina la shirika sitalitaja, mtanisamehe, maana nikilitaja tu watu wataanza kugombana kuhusu shirika na kile ninachotaka kusema kitapotea, na isitoshe hiki kitu kimeshanikuta kwenye mashirika mengine pia, ya kwetu na ya kwao. Jueni tu ni moja ya yale ya Ghuba yanayoleta watu Dar, ndege ya njia moja katikati, siti tatu kulia tatu kushoto, safari ya usiku inayokuingiza uwanja wa Julius Nyerere alfajiri ukiwa na macho mekundu. Kama unatafuta tiketi ya upande huo na unataka kujua hali ikoje nitakupa yote, ila nakwambia mapema nusu ya rivyu hii ni dakika kumi za mwisho, kuanzia matairi yanapogusa chini mpaka mlango unapofunguliwa, kwa sababu hapo ndo nyota zangu zilipoishia.

Mazuri kwanza. Tiketi nilikata kwa wakala wa mtaani, bei ya kawaida tu kwa msimu wa likizo, kilo 30 za mzigo wa chini na kilo 7 za mkononi, na hizo 7 wanazipima kweli, msidhani zimeandikwa kwa ajili ya urembo. Pale kaunta palikuwa na vurugu moja tamu: mabegi yamefunguliwa sakafuni, watu wanahamisha mablanketi na manukato toka begi hili kwenda lile, dada mmoja anavaa koti juu ya koti ili mizani isimsumbue. Foleni yenyewe ilikuwa ule mchanganyiko wa siku zote wa ndege za kuja Dar, yaani wafanyabiashara wa Kariakoo waliotoka kufuata mzigo, madada wanaorudi likizo kutoka kazini Omani na Saudia, wazee waliotoka Umra na tasbihi zao, wanafunzi wawili watatu, na Wazungu wa kwenda Zanzibar ambao wameshavaa kaptula kabisa utafikiri bahari iko pale getini. Wale wa kaunta walikuwa wavumilivu, hakuna aliyefokewa, na dada wa makoti mawili alipita huku mhudumu akimtabasamia. Nyota nne hapo.

Siti ni nyembamba lakini safi, magoti yangu hayakugusa kiti cha mbele ingawa mimi sio mrefu hivyo msinitumie kama kipimo, chaja ya simu ilikuwepo na ilifanya kazi, skrini hakuna, unatumia simu yako mwenyewe na filamu walizoweka ni za kizamani kidogo. Chakula kilikuwa biriani ya kuku au pasta. Biriani ilikuwa na ladha, wamekuja na kachumbari ndogo na mtindi, nimekula nikamaliza. Pasta aliyokula jirani yangu naomba tusiizungumzie. Chai ya maziwa wanakuletea ukiomba, tena wanarudia. Wahudumu wachangamfu, mchanganyiko wa mataifa, na nilimsikia mmoja wao akiongea Kiswahili cha Kikenya na bibi mmoja wa siti za mbele, huyo mkumbukeni maana tutarudi kwake.

Kitu kimoja nilikipenda sana angani. Katikati ya usiku ndege ilianza kutikisika, sio sana, ile ya kumwaga chai, taa ya mkanda ikawaka na wahudumu wakapita siti kwa siti na tochi, wakimulika viunoni, aliyelala bila mkanda wanamwamsha kwa upole anafunga. Tangu ile ndege ya Singapore Airlines ya Mei 2024, iliyokuwa inatoka London kwenda Singapore ikakutana na mtikisiko mkali mpaka mtu mmoja akafariki na makumi wakaumia, ikabidi itue Bangkok, naona wahudumu wengi hawafanyi tena mzaha na ile taa. Na abiria walitii wote! Hakuna aliyebisha, hakuna aliyesema mbona mnatusumbua, hata yule kijana wa siti ya mbele yangu ambaye tangu tupande alikuwa mbishi wa kila kitu alijifunga chap akavuta na kamba ikambana vizuri. Angani kule gizani kila mtu mcha Mungu.

Sasa matairi yaguse chini uone.

Tumetua vizuri, rubani kaiweka ndege kama hakuna kitu, watu wakapiga makofi, huku Alhamdulillah kule asante Yesu, na kabla makofi hayajaisha, injini bado zinanguruma kwa ule mngurumo wa kupunguza mwendo, nikaanza kusikia ka! ka! ka! kutoka nyuma kuja mbele, mikanda inafunguliwa. Na simu nazo zikawashwa kwa pamoja, meseji zinaingia kama mvua, mtu anapiga kelele "eeh nimeshafika, niko kwenye ndege bado, umefika getini? We Hamisi umefika getini au uko njiani?" Njia ya kurukia ya Dar ni ndefu, kilomita 4.6, kwa hiyo ndege ilikuwa bado iko juu ya hiyo njia kabisa, hata kukata kona kuelekea Teminali 3 hatujakata, na tayari kuna watu wawili wamesimama wanafungua makabati ya juu.

Tukakata kona, tukatembea kidogo, halafu ndege ikasimama.

Hapa ndo penye tatizo lote na naomba nipaeleze vizuri kwa sababu naamini watu wengi hawapajui. Ndege ikisimama haimaanishi imefika. Inaweza kusimama kwa sababu kuna nyingine inapita mbele yake, au sehemu yake ya kuegesha bado ina ndege haijaondoka, au yule jamaa wa chini wa kuiongoza hajafika, au waongoza ndege kule mnarani wamemwambia rubani subiri. Wewe uliyekaa siti ya 23 huoni hata kimoja, unaona tu nyasi na taa za bluu dirishani, unahisi kimya, unasema tumefika. Ndege nzima ikainuka. Yaani sio watu wawili tena, ni nusu ya kabini, njia ya katikati ikajaa, mabegi yanashushwa, mtoto anapitishwa juu ya vichwa, mzee wa Umra anatafuta kiatu chake. Na ndege ikaondoka tena.

Ilikwenda mita labda mia mbili hivi halafu rubani akashika breki. Sijui aliona nini, pengine gari la mizigo, pale chini kuna matrekta ya kuvuta mizigo, mabasi, magari ya mafuta na ya chakula, vyote vinakatiza. Haikuwa breki kubwa, kwenye gari usingeshtuka. Lakini waliosimama walikwenda mbele wote kwa mpigo, mmoja akamkalia mwenzie mapajani, na begi moja lililokuwa limevutwa nusu kutoka kabatini likashuka lenyewe likampiga mama mmoja begani. Kilo 7 zikitoka juu ya kichwa chako jamani sio mchezo, na tuseme ukweli zile 7 za kaunta zikishapita dyuti frii zinakuwa 10. Mama hakuumia sana, alishika bega akasema "yalaah", na mwenye begi badala ya kuomba msamaha akauliza kama chupa zimepasuka! Chupa za manukato. Mama ana bega, yeye anauliza chupa.

Watu wanaona pale chini ndege inajikokota. Kwenye mstari ulionyooka inaweza kutembea hata kilomita 35 mpaka 55 kwa saa, kwenye kona ndo inapunguza sana, na ndege ya saizi ile ikiwa imejaa ina uzito wa zaidi ya tani 50. Mwendo huo kwenye gari kondakta mwenyewe anajishikilia. Sasa wewe umesimama, mkono mmoja uko juu kabatini, mwingine una simu, miguu iko kwenye zulia linaloteleza.

Shirika lilifanya nini? Hapa ndo nawatoa nyota. Tangazo lilikuja kwa Kiarabu, halafu likaja kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya kughani ambayo mtu amelisoma tangazo hilo hilo kila siku mpaka limekuwa wimbo, kaeni, fungeni mikanda, mpaka taa izimwe. Ndege ya Dar, asilimia kubwa ya watu ndani wanaongea Kiswahili, na Kiswahili hakuna. Menyu ya chakula haina Kiswahili sawa, nitaonyesha kwa kidole nataka kuku, lakini tangazo la usalama? Lilirudiwa mara ya pili kwa lugha zile zile mbili kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio. Wahudumu wenyewe hawawezi kuja kukukalisha kwa mkono maana na wao wakati huo wanatakiwa wawe wamekaa na kujifunga kwenye vile viti vyao vya kukunja karibu na milango, na akisimama aje kwako naye anakuwa hatarini kwa ajili yako. Wengi hawalijui hili, wanadhani wamekaa pale kwa uvivu.

Ndipo yule dada wa Kikenya akachukua kile kisimu cha matangazo. Hakusoma karatasi. Akasema, na hapa nanukuu kwa kumbukumbu, "Wazee wetu, mama zetu, tafadhali tuketi. Hatujafika. Ndege bado inatembea na captain hataegesha kama mmesimama, tutakaa hapa hadi asubuhi. Baba wa shati ya bluu, ni wewe naongelesha, keti baba, begi yako haiendi mahali bila wewe." Kabini nzima ikacheka. Baba wa shati la bluu akakaa huku anacheka mwenyewe, na wengine wote wakakaa, ka ka ka mikanda ikafungwa, wote, ndani ya nusu dakika. Kazi iliyowashinda matangazo mawili ya lugha mbili ameimaliza mtu mmoja kwa kuongea na watu kama watu.

Na ile ya kwamba rubani hataegesha hakuwatishia, ni kweli inafanyika, rubani akiambiwa watu wamesimama anaweza kusimamisha ndege pale pale mpaka wakae, na kila dakika mnayosimama mnajiongezea muda wenyewe.

Sasa kuna watu watasema basi weka Kiswahili na tatizo limekwisha. Hapana. Panda ndege za hapa hapa ndani, Dar Mwanza, Dar Dodoma, tangazo linatoka kwa Kiswahili safi kabisa, tafadhali endelea kukaa na mkanda wako ukiwa umefungwa mpaka ndege itakaposimama kabisa, na ka ka ka inasikika vile vile. Halafu kwenye zile ndege za mapanga mapanga, ATR, ambazo mlango wa abiria uko nyuma, unakuta mtu wa siti ya 2 kasimama kakimbilia mbele kumbe mbele ni chumba cha mizigo, inabidi ageuke akae mwisho wa foleni. Hiyo nimeiona na nimecheka peke yangu.

Mimi nadhani sisi wa Dar tumelelewa na daladala. Kwenye daladala ukisubiri gari lisimame ndo uinuke umeshapitishwa kituo, inabidi uanze kujisogeza mlangoni tangu kituo cha nyuma, umwambie konda mapema, uninginie kidogo, gari likipunguza tu unaruka. Anayengoja taratibu ndo anayepotea. Mtu kafanya hivyo maisha yake yote kutoka Mbagala kwenda Kariakoo na kurudi, umempandisha ndege mara moja kwa mwaka unataka mwili wake usahau. Mwili hausahau, mwili unasikia breki unainuka wenyewe. Ila tusijionee sana kwamba ni ushamba wetu peke yetu, maana wale Wazungu wa kaptula nao walikuwa wamesimama, tena mmoja wao ndo alikuwa wa kwanza kufungua kabati upande wetu.

Na Uturuki wameshachoka kabisa. Mwaka 2025 mamlaka yao ya usafiri wa anga ilitoa utaratibu kwamba abiria anayefungua mkanda, kusimama au kufungua kabati kabla ndege haijafika sehemu yake ya kuegesha na taa kuzimwa anaripotiwa na anaweza kutozwa faini, vyombo vya habari viliitaja kama dola 70 hivi, na hata yule anayeruka foleni kuwapita waliokaa mbele yake wakati wa kushuka naye yumo. Mashirika yakatakiwa yaweke hilo onyo kwenye matangazo yao. Nimewahi kusikia watu wanaomba na sisi tuletewe. Mimi siitaki hiyo faini hapa, nawajua watu wetu, itageuka mazungumzo ya pembeni na mtu mwenye haraka atalipa kama analipia huduma ya kusimama mapema.

Kwa nini nakomalia hiki kitu kidogo? Kwa sababu watu wana imani kwamba hatari ya ndege iko juu, ukishagusa ardhi umeokoka. Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote kwenye historia ya ndege za abiria, ile ya Tenerife, Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, watu 583, haikutokea mawinguni. Ziligongana kwenye njia ya kurukia kukiwa na ukungu, moja inataka kuruka na nyingine bado inatembea chini. Na Tokyo juzi juzi tu, Januari 2, 2024 uwanja wa Haneda, ndege ya Japan Airlines imeshatua, matairi yako chini, ikaigonga ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye njia ile ile, moto ukawaka. Kwenye ile ndogo wamefariki watano kati ya sita. Kwenye ile kubwa walikuwemo watu 379 na wametoka wote, wote kabisa, ingawa milango iliyotumika ni 3 tu kati ya 8. Walikaa wakasikiliza wahudumu wakatoka bila kubeba mabegi. Jaribu kufikiria ile ndege ingekuwa imejaa watu waliosimama njiani na mabegi yamezagaa pale katikati, na yule wa chupa za manukato yuko ndani.

Na sisi wenyewe tuna Bukoba, Novemba 6, 2022, sihitaji kusimulia sana, ndege iliingia Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na uwanja, watu 43 ndani, 19 hawakurudi. Karibu kabisa na uwanja. Basi.

Turudi Dar. Tulipofika kwenye sehemu yetu kweli, ndege ikasimama ile ya mwisho, taa ikazimwa, na wote tukasimama kwa haki yetu. Halafu? Halafu tukasimama. Watu hawajui kwamba taa kuzimwa ndo kwanza mwanzo wa shughuli: injini zizimwe, ile taa nyekundu ya tumboni izimwe ndipo watu wa chini waruhusiwe kusogea, matairi yawekewe vigingi, daraja lisogezwe taratibu mpaka liguse, wahudumu waondoe mtego wa milango, maana milango ile ikiwa safarini imetegwa na boya la kutelezea, ukiufungua bila kuutegua boya linafumuka lote nje na ndege hiyo haiendi popote siku hiyo. Halafu mtu wa nje agonge, wa ndani ajibu, ndo mlango. Dakika kadhaa tumesimama shingo upande chini ya makabati, jasho linatutoka, kiyoyozi kimepungua, kikwapa cha mwenzio kiko usawa wa pua yako. Hizo ndizo dakika ambazo mtu alihatarisha bega la mama wa watu ili aziwahi.

Na mbele yake je? Foleni ya afya kwa wenye kadi za homa ya manjano, foleni ya uhamiaji, halafu mizigo. Baba wa shati la bluu nilimkuta pale mizigo inapozunguka, amesimama mstari wa mbele kabisa na troli yake, kashika nafasi nzuri, na begi lake halikuwa limetoka. Tulikaa pale muda mrefu wa kutosha kuzoeana. Akaniambia yeye ana duka la vitenge, na kilichomharakisha ni kijana wake aliyemsubiri nje na gari, pakingi inahesabu. Hilo nalielewa kabisa, ila nikamuuliza, mzee wangu sasa kijana anakusubiri wewe au anasubiri na mabegi? Akacheka akasema, "We acha tu, ndege ikigusa chini miguu inawasha." Begi langu likatangulia kutoka kuliko lake, naandika hili kwa furaha isiyo ya kiungwana.

Kuna watu wana haraka ya kweli na hao siwasemi. Mtu ana ndege ya kuunganisha kwenda Mwanza au Kilimanjaro, inabidi achukue mzigo wake Teminali 3 ahamie Teminali 2 ajipange upya, muda wake ni mfupi. Huyo asisimame njiani, amwambie mhudumu mapema wakati ndege bado iko juu, wakati wanapokusanya vikombe hivi, na kama kuna siti wazi mbele mara nyingi wanakuhamisha, au wanatangaza wengine wampishe. Nimeliona likifanyika kwenye safari hii hii, kijana mmoja alihamishwa kutoka nyuma kabisa akaletwa siti ya 5, akashuka wa kumi hivi, bila kumgusa mtu. Wenye watoto wadogo nao kaeni kabisa mpaka wengine waishe, mtoto mwenye usingizi hana shida na dakika tano, shida anayo mzazi.

Kwa hiyo maksi zangu ni hizi. Kukata tiketi na kaunta nyota nne. Chakula nyota nne kama umechukua biriani, nyota moja na nusu kama umechukua pasta. Usalama angani tano kamili, ile kazi ya tochi sio kila shirika linaifanya. Kushuka nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dada wa Kikenya, shirika lenyewe halina chake hapo. Ushauri wangu kwao ni wa bei rahisi: mna wafanyakazi wanaoongea Kiswahili tayari, mmewaajiri, mnawalipa, wapeni kile kisimu kabla ya kutua na sio baada ya begi kumwangukia mtu, na msiwape karatasi ya kusoma. Wakati ndege inasimama njiani rubani naye aseme neno moja tu kwamba hatujafika, tunasubiri mwenzetu apite. Nimewahi kupanda ndege ambayo rubani alisema hivyo na watu hawakuinuka, sababu waliambiwa kinachoendelea.

Nitapanda tena? Ndio, kwa bei ile na biriani ile nitapanda. Wewe ukikata tiketi chukua siti ya dirishani, mbele ya bawa ukiweza. Ile ya njiani inavutia watu wanaodhani watashuka haraka, lakini kwenye dakika kumi nilizozieleza mtu wa njiani ndo anayepigwa na mabegi, ndo anayekanyagwa, na kwa muda wote huo anaangaliana uso kwa uso na makalio ya mtu asiyemjua.